Kasikeu Kati ya Kilima na Reli

Leo ninalipa deni. Mwalimu mmoja mstaafu wa huku Kasikeu alinitumia ujumbe wa simu wenye lalamiko ambalo nimelisikia kwenye matanga, kwenye harambee na ndani ya matatu za Sultan Hamud, ila yeye alilisema kwa sentensi moja: Makueni tulipokea misheni mapema kuliko wengi, mbona shule kubwa na hospitali kubwa zikaenda kwa watu wengine? Mwalimu, swali lako nimelipokea. Jibu langu huenda lisikupendeze, na nitakupitisha njia ndefu, mpaka Amerika ya Kusini na kurudi.

Nianze kwa kukupa haki yako, maana tarehe zinakuunga mkono. Mwaka 1891, wakati Nairobi ilikuwa bado tope la kunyweshea ng'ombe wa Wamaasai, msafara wa Waskoti ulitoka Mombasa ukiongozwa na Dakta James Stewart, mkuu wa shule maarufu ya Lovedale kule Afrika Kusini. Waliotoa fedha walikuwa Sir William Mackinnon na wenzake, mabwana walewale wenye hisa katika Imperial British East Africa Company, kwa hiyo dini na biashara zilisafiri na wapagazi walewale. Walipofika Kibwezi wakakuta mto ambao haukauki, msitu mnene wenye kivuli na udongo mzuri. Baada ya siku nyingi za nyika ya Taru na miiba ya Tsavo, nani angepita? Wakaweka mizigo chini.

Miaka minne baadaye, Desemba 1895, kijana aitwaye Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Philadelphia, akafika Nzaui na kikundi chake kidogo. Hiyo ndiyo Africa Inland Mission, mama wa kanisa ambalo leo tunaliita AIC. Katika muda wa mwaka mmoja walikuwa wamefungua vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Kilungu, msikilizaji! Vilima hivi hivi ambavyo mtu wa Kasikeu huviangalia akitaka kujua kama mvua inakuja. Na ng'ambo ya mto Athi, kule Ikutha katika Kitui, Walutheri wa Leipzig kutoka Ujerumani walikuwa wameshaanza kazi mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1890.

Sasa tazama mavuno yalikokwenda. Waskoti waliondoka Kibwezi mwaka 1898 wakahamia Kikuyu. Huko ndiko ilikokua misheni ya Thogoto, ndiko iliko Hospitali ya Kikuyu, na ndiko misheni za Kiprotestanti zilikoungana kuanzisha Alliance High School mwaka 1926. AIM nao wakahamishia makao yao makuu Kijabe mwaka 1903. Kijabe ikapata shule ya watoto wa wamisionari mwaka 1906, ikapata hospitali ambayo mpaka leo mtu wa Kasikeu akizidiwa huambiwa apelekwe huko, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akaja kuweka jiwe la msingi la jengo la shule hiyo. Ukiifuata nasaba hiyo, Alliance ni mjukuu wa Kibwezi na Kijabe ni mtoto wa Nzaui. Sisi tulichobakia nacho ni makaburi na majina ya vituo.

Hapo ndipo wengi wetu hufunga hesabu na kusema tumeibiwa. Mimi naomba kwanza twende mahali ambapo misheni haikuhama, tuone kilichotokea.

Kaskazini-mashariki mwa Argentina, katika jimbo la Corrientes, kuna mji mdogo uitwao Yapeyú. Uko ukingoni mwa mto Uruguay, na ukitazama ng'ambo unaiona Brazili. Mji huo ulianzishwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1627, katikati ya watu waitwao Waguarani. Padri hakuja na kujenga kanisa ili watu wa vijijini wamfuate Jumapili. Alikusanya watu kutoka misituni, akawapanga katika nyumba za safu zilizonyooka, kanisa mbele, uwanja katikati, karakana pembeni, kengele ya kuamsha na kengele ya kulaza. Yapeyú ilikuwa na malisho makubwa mno ya ng'ombe. Mwaka 1691 alifika huko Padri Anton Sepp, mtu wa Tirol mwenye kipawa cha muziki, na mji ukajulikana kwa ala zilizotengenezwa na mafundi wa Kiguarani, watu ambao mababu zao hawakuwahi kuona kinanda wala fidla. Mto ulikuwa barabara: mazao yaliteremshwa kwa vyombo kwenda kuuzwa Buenos Aires.

Unaweza kuuliza, kwa nini Waguarani walikubali kupangwa hivyo? Sababu ni nyingi, ila moja ilizidi zote, nayo ni hofu. Kutoka São Paulo walikuja majambazi wenye bunduki, wakiteka watu na kuwauza utumwani kwa maelfu. Ndani ya misheni kulikuwa na ulinzi, tena mwaka 1641 Waguarani wa misheni waliwapiga wavamizi hao vitani, mahali paitwapo Mbororé. Mtu anayewindwa huingia penye ukuta, hata kama ndani ya ukuta kuna kengele nyingi kuliko apendavyo.

Mwaka 1767 mfalme wa Hispania, Carlos wa Tatu, akaamuru Wajesuiti wote wafukuzwe katika milki yake. Mwaka uliofuata mapadri wa Yapeyú wakaondolewa, wakaja maofisa wa serikali. Mmoja wa maofisa hao alikuwa Juan de San Martín, na mwaka 1778 mkewe alijifungua hapo mtoto wa kiume, José de San Martín, ambaye baadaye aliongoza majeshi yaliyozikomboa Argentina, Chile na Peru. Kwa hiyo mji mdogo wa misheni ulizaa mkombozi wa nchi tatu. Lakini mji wenyewe? Waguarani walianza kutawanyika mara mapadri walipoondoka, na mwaka 1817 majeshi ya Wareno kutoka Brazili yakauchoma moto. Ulikaa gofu mpaka watu wengine walipokuja kuukalia tena katika karne hiyo hiyo. Leo wageni huja kuona magofu ya mawe mekundu na nyumba alimozaliwa San Martín.

Nimekaa sana Yapeyú kwa sababu moja. Mji wa namna ile haujengwi na padri peke yake. Unahitaji watu waliong'olewa kwao. Wala huna haja ya kuvuka bahari kuliona hilo. Hapa pwani yetu tunayo miji ya misheni kamili, na yote ina hadithi ileile. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na wakajenga kijiji cha Kikristo, kikajaa watu waliokombolewa utumwani. Freretown, pale Mombasa, wamisionari Waingereza wa CMS walianzisha makazi mwaka 1875, na waliokalishwa humo ni mateka walioshushwa kutoka majahazini na manowari za Waingereza. Mtu wa Freretown alikuwa ametoka labda Nyasa, labda Uyao, hana ukoo karibu, hana shamba la babu, hana mzee wa kumwita barazani. Misheni ikawa ukoo wake. Kengele ile ilimkuta hana kwao kwingine.

Sasa rudi Ukambani uone Waskoti walikuta nini. Walikuta watu wenye kwao. Mkamba wa Kikumbulyu, ile nchi ya Kibwezi, au wa Kilungu au wa Nzaui, alikuwa na musyi wake, yaani boma lake, na musyi uko ndani ya utui, yaani ujirani, na utui una wazee wake, una mahali pake pa kuabudia na una shauri lake. Nyumba hazikubanana. Kila mtu na boma lake, shamba lake na zizi lake, na baina ya jirani na jirani kuna nafasi ya kutosha ya kutosikia ugomvi wa watu. Kulikuwa na hofu pia, ndiyo. Mashambulizi ya kuiba mifugo yalikuwepo, lakini kwa hofu hiyo Mkamba alikuwa ameshapata dawa yake: alipanda mlimani. Mbooni, Kilungu, Nzaui, hivyo vilima vilikuwa ngome kabla mzungu hajafikiria kuvipandisha bendera. Mmisionari alipofika na ukuta wake, akamkuta mtu ameshajificha penye ukuta mkubwa zaidi alioujenga Mungu.

Kwa hiyo watu walikuja kwa mmisionari kutafuta dawa, kuuza chakula, kumtazama anavyokula, kisha jioni wakarudi makwao. Hawakumkataa. Hawakuhamia kwake, basi.

Kisha kuna habari ya maji, na hapa naomba utulie kidogo kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika. Maji ya Kibwezi yanatoka milima ya Chyulu. Milima ile ni michanga kwa hesabu ya milima, ni ya volkeno, mawe yake yana matundu. Mvua ikinyesha juu hakuna mto unaoteremka, maji yote yanazama, yanapita chini kwa chini, kisha yanachomoza mbali huku bondeni: mengine Mzima, ambako tangu miaka ya 1950 bomba linayapeleka Mombasa, na mengine Umani, yanakoanzia maji ya mto Kibwezi. Ndiyo maana pana msitu mbichi katikati ya nchi kame. Ni mahali pazuri ajabu, ndovu wanapajua na nyani wanapajua. Na mbu pia wanapajua.

Waskoti waliugua na kufa. Kwa nini waliugua hawakujua. Daktari wa mwaka 1891 aliamini kwamba homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa, kwa hiyo walikunywa kwinini bila kujua kwamba adui ni mbu. Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko India mwezi Agosti 1897. Mwaka mmoja baadaye misheni ikahama. Yaani elimu iliyoweza kuwaokoa ilipatikana wakati walipokuwa wanafunga mizigo. Kama ingetangulia miaka sita, msikilizaji, huenda leo watoto wa Kiambu wangekuwa wanapanda basi kuja Alliance ya Kibwezi, na sisi tungekuwa tunalalamikiwa.

Nzaui nako mambo hayakuwa mepesi. Scott alikuwa amefanya kazi kwa pupa ya mtu anayejua siku zake si nyingi. Alikuwa ameshakwenda Kongo, akamzika huko ndugu yake John, akarudi Ulaya mgonjwa. Hapa alitembea kituo hadi kituo mpaka homa ya mkojo mweusi ikamshika, akafa tarehe 4 Desemba 1896, hata mwaka mmoja kamili Nzaui haujaisha. Alikuwa na umri wa miaka 29. Wenzake wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, na kwa muda akabaki mmisionari mmoja tu shambani, William Gangert. Jaribu kumfikiria huyo bwana, peke yake, na nchi inaelekea kwenye njaa.

Maana ndiyo miaka ile ya Ngomanisye. Wakamba huzipa njaa majina kama vile wengine wanavyowapa watoto, na Ngomanisye ndiyo njaa ambayo wazee bado huitaja kwa kushusha sauti. Ng'ombe walikuwa wameshapukutika kwa sotoka, nzige wakapita, mvua zikakata miaka ya 1898 na 1899, kisha ndui ikaja kumalizia. Watu walikimbilia Ukikuyu, walikimbilia pwani, watoto waliachwa kwa watu wasiojulikana ili wapate kula. Wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu misheni zifike, Ukambani kulikuwa na watu waliong'olewa kwao, watu ambao wangeweza kukusanywa kama Waguarani au kama mateka wa Freretown. Lakini Waskoti walikuwa wameondoka na Nzaui palikuwa na mtu mmoja. Mji wa misheni ukatupita hapo. Nikiyasoma mambo hayo siwezi kusikitika sana. Mji uliojengwa juu ya njaa ile ungekuwa mji wa namna gani?

Kilichokusanya watu kilikuja kwa magurudumu. Kila mtoto wa Ukambani anajua habari za Syokimau, yule nabii aliyeona nyoka mrefu akitoka maji haya kwenda maji yale. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba aliona pia mnara wa kanisa. Reli iliondoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na injini zile za mvuke zilikuwa na kiu kuliko misafara ya wapagazi. Kwa hiyo zilifuata visima vilevile: Kibwezi, Makindu, Kiboko. Penye maji pakawa stesheni, penye stesheni pakaja duka la Mhindi, penye duka pakaja kibanda cha chai, na wanaokunywa chai wakaanza kulala. Mmisionari aliyekuwa ameishi Kibwezi miaka saba hakuacha mji. Stesheni iliuleta bila kuhubiri neno.

Jirani yetu Sultan Hamud ni ushahidi wa kuchekesha. Huo mji umepewa jina la Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, na simulizi ni kwamba alikuja mwenyewe kuitazama reli ilipofika hapo mwaka 1898. Mji wa Wakamba na Wamaasai wenye jina la Mwarabu, uliojengwa na vibarua Wahindi kwa fedha za Waingereza! Utafute humo padri mwanzilishi, humpati. Vivyo hivyo Emali, vivyo hivyo Mtito Andei.

Hivyo Makueni yetu ikagawanyika namna ambayo hatuisemi sana. Kanisa lilibaki vilimani, mji ukaenda tambarare. Kanisa la kale utalipata Kilungu, Mukaa, Mbooni, mahali ambapo ukifika saa kumi na mbili jioni dukani pamefungwa. Mji utaupata kando ya reli na barabara ya Mombasa, mahali ambapo ukiuliza mzee aliyezaliwa hapo utazungushwa sana. Na Kasikeu iko katikati: mgongo umeegemea vilima vya Kilungu, uso unatazama Sultan Hamud. Asubuhi mwanafunzi wa Kasikeu anapanda kilimani kwenda shule, na babake anateremka kwenda kutafuta riziki barabarani. Hiyo ndiyo jiografia yetu, na sioni sababu ya kuionea aibu.

Sasa lile neno la kuibiwa, mwalimu, nililijibu nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba vilimani misheni haikutoweka. Iligeuka ikawa kitu kingine ambacho wenyewe hawakukipanga. Shule ndogo za vijijini, mwalimu mmoja na ubao mmoja, zikaenea mahali ambapo watu walikuwa wakikaa tayari. Agano Jipya lilichapishwa kwa Kikamba mwaka 1920, na watu wakaanza kusoma makwao, jioni, bila mtu wa kuwasimamia. Mtu anayesoma nyumbani kwake ana namna yake ya kuelewa. Mwaka 1922, hapa hapa Kilungu, akatokea Ndonye wa Kauti, akatangaza kwamba Mungu amesema naye, kwamba Wazungu wataondoka na nchi mpya itakuja. Watu wakamiminika kwake. Serikali haikungoja kuona kama unabii utatimia: ikamkamata na kumpeleka Siyu, kisiwani Pate.

Mwaka 1938 ikawa zamu ya Muindi Mbingu. Yeye alitoka Ngelani, karibu na Machakos, mahali ambapo Stuart Watt na mkewe Rachel walikuwa wamepanda misheni yao tangu mwaka 1893. Serikali ilikuwa imeanza kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikidai ardhi imechakaa, na ng'ombe walionyang'anywa waliuzwa kwa mnada bei ya kutupa. Muindi na wenzake wakaunda Ukamba Members Association, wakaandika malalamiko kwa lugha ambayo gavana angeielewa, kisha wanaume, wanawake na watoto wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi na kukaa Kariokor wiki kadhaa. Ng'ombe wakarudishwa. Muindi akahamishiwa Lamu.

Ona basi serikali ilichoogopa. Haikuogopa kanisa lililojaa Jumapili. Iliogopa Mkamba anayeweza kuwakusanya Wakamba, na kila alipotokea ilimpeleka visiwa vya Lamu, mahali pa mbali kabisa na kilima chake. Waguarani walikusanywa na padri, na padri alipoondoka mkusanyiko ukavunjika. Hapa waliojikusanya walijikusanya wenyewe, kwa sababu ya ng'ombe wao, kisha wakarudi kila mtu kwenye utui wake. Kama ningeambiwa nichague kati ya Kijabe moja pale Nzaui na safari ile ya Kariokor, ningechagua safari. Najua kuna watakaonipigia simu kwa neno hilo, hasa wenye wagonjwa. Nawaelewa. Hospitali ni hospitali. Lakini hospitali serikali ya leo inaweza kuijenga ikitaka, na nyingine zimejengwa. Watu wanaojua kusimama pamoja bila kupigiwa kengele hawajengwi kwa bajeti.

Haya, tuje leo, kwa sababu sikuyatoa haya yote kwa ajili ya makumbusho. Mji wa kupandwa, ule ambao Waskoti walishindwa kuupanda Kibwezi, sasa unapandwa. Uko Malili, katika eneo bunge letu hili la Kilome, juu kidogo kwenye barabara ya Mombasa. Ni Konza. Ekari 5,000 zilizokuwa ranchi ya ng'ombe, mradi uliozinduliwa na Rais Kibaki Januari 2013, na leo kuna barabara zenye taa, kuna kituo cha kuhifadhi data, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kimewekwa hapo. Mitaa imenyooka kama ya Yapeyú. Pembeni yake, ndani ya duara la kilomita 10, wenye mashamba wamewekewa masharti ya nini wajenge na nini wasijenge. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye ramani ni serikali, na anachohubiri ni teknolojia.

Mimi sipingi Konza. Kijana wa Kasikeu aliyesomea kompyuta akipata kazi umbali wa nauli moja ya matatu badala ya kulala watano katika chumba kimoja mtaani Pipeline, Nairobi, nitakuwa wa kwanza kushangilia. Ninachouliza ni kile ambacho historia yote hii inanilazimisha kuuliza: watu wa mji huo watatoka wapi? Makueni ilihesabiwa watu 987,653 mwaka 2019, na sehemu kubwa kabisa ya hao wako mashambani kwao. Hawajang'olewa. Wana maembe yao, machungwa yao, pojo zao, na kaburi la babu kwenye kona ya shamba. Watafanya kama walivyofanya kwa Waskoti: wataingia asubuhi, watachukua wanachohitaji, na jioni watarudi makwao. Huenda hilo ndilo linalowashangaza wapangaji miji wanaoona barabara zile pana hazijajaa. Mimi halinishangazi. Mji wa namna hii, katika nchi ya namna hii, utapata wafanyakazi wengi kabla ya kupata wenyeji, na ni afadhali upangiwe hivyo: mabasi ya jioni ya kutegemewa, barabara nzuri kutoka Kasikeu na Kilungu, nauli inayoeleweka. Barabara ya Kilungu ikiwa nzuri, Konza itakuwa na watu hata kama hakuna anayelala huko.

Na kuna jambo la mto, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mito yetu si kama Uruguay, haibebi vyombo, na miezi mingi ya mwaka haionyeshi hata maji. Ukipita na gari utasema ni barabara ya mchanga. Lakini mama wa Kasikeu anajua pa kuchimba. Mchanga wa mto ndio tangi letu: mvua ikinyesha maji yanajificha ndani yake, jua haliyafikii, na miezi mitatu baadaye bado unateka. Ndiyo maana watu wamekuwa wakijenga kuta za zege kukata mito, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yakae. Sasa mji unaojengwa unataka vitu viwili kutoka kwa mto. Unataka maji: bwawa la Thwake, linalojengwa tangu 2018 pale mto Thwake unapoingia Athi, lina mgao wake uliopangiwa Konza, pamoja na mgao wa watu wa Makueni na Kitui. Unataka pia mchanga, maana hakuna ghorofa bila mchanga, iwe ghorofa ya Nairobi, ya Kitengela au ya Malili.

Vitu hivyo viwili haviwezi kutolewa pamoja katika mto mmoja. Lori likishazoa mchanga mpaka kwenye mwamba, mvua ijayo inapita mbio kwenda Athi na kisima cha mama kinabaki shimo. Kaunti iliona hilo ikatunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na sheria hiyo imekasirisha watu wenye pesa, jambo ambalo mara nyingi ni dalili njema. Lakini sheria husimamiwa mchana, na lori la mchanga lina taa. Kwa hiyo ninyi mnaoketi katika vikao vya umma vya Konza, vikao ambavyo kisheria lazima tuitwe, msiishie kuuliza nafasi za kazi. Ulizeni mchanga wa majengo yale unatoka mto gani, na risiti iko wapi. Ulizeni bomba la Thwake likipita kwenda Malili litaacha koki ngapi njiani. Mkijibiwa kwamba majibu yako Nairobi, barabara ya kwenda Kariokor mnaijua.